Uzi maalumu: Kuzamia na mitungi Maldivi, wiki nzima kula na kulala melini

Mwana_Tongoni

Wakuu, habari za wakati huu.

Wapo wadau walioniomba kwenye uzi wa viza nieleze safari ya kuzamia Maldivi, ile ya kukaa melini tangu mwanzo hadi mwisho badala ya kupanga chumba hotelini. Nitaandika kwa vipande. Maswali wekeni humu humu ili na wengine wafaidike.

Utaratibu wenyewe ni huu. Meli kubwa ndiyo ya kulala na kula. Nyuma yake inafuata dhoni, chombo cha mbao cha kule kwao, ambacho mtu wa pwani akiitazama omo yake tu atajua ni ndugu wa vyombo vyetu. Dhoni ndiyo inayobeba mitungi ya hewa, kompresa ya kuijazia na vifaa vya kila mtu, kwa hiyo kelele na moshi havifiki unakolala. Faida kubwa zaidi ni kwamba dhoni husogea mpaka kwenye mwamba na kukuokota popote ulipoibukia, mahali ambapo nahodha wa meli kubwa hathubutu kupeleka chombo chake.

Unaamshwa giza bado halijatoka vizuri. Unakunywa chai na biskuti, mnaelezwa mwamba ulivyo na mkondo unakoelekea, halafu mnashuka. Mkitoka ndipo mnapata kifungua kinywa chenyewe: mas huni, jodari aliyechambuliwa akachanganywa na nazi mbichi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, na chapati za kwao. Mkishamaliza, meli inang'oa nanga. Mzamio wa pili ni kabla ya adhuhuri, wa tatu alasiri, na baadhi ya siku kuna wa usiku. Katikati ya hapo watu hulala usingizi mzito, maana kuzamia kunachosha mwili kuliko mtu anavyodhani.

Kwa nini meli? Maldivi ni visiwa 1,192 katika atoli 26 (atoli ni duara la miamba na visiwa), vimetandazwa kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800, na zaidi ya asilimia 99 ya eneo la nchi ni maji. Ukikaa hoteli moja utaizunguka miamba ile ile iliyo jirani. Meli inakutoa atoli moja hadi nyingine wewe ukiwa umelala.

Naendelea jioni.

Nyota_ya_Kusi

Tiririka mkuu, tuko hapa. Miezi gani ni mizuri? Maana wengine likizo tunapangiwa na mwajiri.

Mwana_Tongoni

Nyota_ya_Kusi, swali zuri, na jibu lake utalielewa haraka kwa sababu kaskazi na kusi tunazijua tangu utotoni. Upepo unaogeuza majira kule ndio huo huo. Desemba mpaka Aprili ni kaskazi yao, mvua chache, maji meupe. Mei mpaka Oktoba au Novemba ni kusi, mawimbi na mawingu, na bei hushuka.

Lakini msiangalie upepo wa juu tu. Upepo unasukuma mkondo, na mkondo ndio unaoamua utaona nini. Wakati wa kaskazi maji ya bahari kuu huingia atoli kwa upande wa mashariki kupitia milango iliyo kati ya miamba. Yanaingia safi, ya baridi kidogo, na papa wanakaa hapo mlangoni kuyapokea. Yakishapita ndani ya atoli hutokea magharibi yakiwa yamejaa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea, na huko ndiko manta, wale samaki taa wakubwa, wanakokula. Kusi ikiingia, mambo yanageuka: manta wanahamia mashariki na papa wa milangoni magharibi. Kwa hiyo mtu akikwambia "njoo mwezi wowote utaona kila kitu", mwulize meli itapita upande gani wa atoli. Asipoweza kukujibu, tafuta meli nyingine.

Anayetaka kuona manta wengi kwa pamoja, mahali penyewe ni Ghuba ya Hanifaru, Atoli ya Baa, ambayo UNESCO iliitambua kama hifadhi ya baiyosfia mwaka 2011. Ni msimu wa kusi. Pale mitungi hairuhusiwi kabisa, unaogelea juu kwa miwani na bomba la kupumulia. Naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, kwa sababu ghuba ni ndogo na mapovu ya wazamiaji yangewavuruga manta wakiwa wanakula.

DokaMsafiri

Mimi nataka kujua kuhusu papa. Hivi kweli mnashuka walipo na mnarudi wote? Hawali watu?

Mwana_Tongoni

DokaMsafiri, tunarudi wote. Wengi unaowaona kule ni papa wa miambani, wa mita moja na nusu mpaka mbili, na chakula chao ni samaki wadogo na pweza. Mtu anayetoa mapovu na kelele wanamkwepa. Samaki aliyetukimbiza mimi na mwenzangu alikuwa kikande mkubwa aliyekuwa akilinda mayai yake mchangani. Akikujia ondoka kwa ubavu, usipande juu, maana anahesabu maji yote yaliyo juu ya kiota kuwa ni yake.

Niwaeleze mzamio mmoja kwa kirefu, wa Miyaru Kandu, Atoli ya Vaavu.

Ni mlango wa bahari. Kiongozi aliruka kwanza peke yake akapima mkondo, akarudi na kusema unaingia ndani, ndivyo tunavyotaka. Dhoni ikatupeleka nje ya mlango, upande wa bahari kuu. Tukaruka wote kwa mpigo mmoja, jaketi zetu za kuzamia, zile za kutia hewa ili uelee, zikiwa tupu, tukashuka moja kwa moja bila kusubiriana juu, kwa sababu ukichelewa hata nusu dakika mkondo unakupitisha juu ya mlango na mzamio wako umeisha. Masikio unayasawazisha huku unashuka: bana pua, puliza taratibu, rudia kila mita.

Kwenye mita 28 hivi tukafika ukingo wa mlango. Kila mmoja alikuwa na ndoana yake ya mwamba, chuma kilichopindwa chenye kamba fupi. Unaitia kwenye jiwe lililokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai, kamba inafungwa kwenye jaketi, unatia hewa kidogo, halafu unaachia mikono. Unabaki unapepea kama tiara. Miwani ikikaa vibaya mkondo unataka kuing'oa, kwa hiyo unatazama mbele tu, kulikotokea maji.

Na mbele ndiko walikokuwa. Kwanza kivuli, halafu viwili, halafu nikaacha kuhesabu. Papa wa kijivu, ukingo wa nyuma wa mkia ni mweusi wa mkaa. Mkondo uliotufanya sisi tushikilie chuma, wao walikuwa wanasimama ndani yake bila tabu, wakitikisa mkia kidogo tu. Mmoja alinipita karibu kiasi cha kuona mashavu yake matano yakifunguka na kufunga, na chini ya tumbo lake chazo mmoja amejibandika, naye anatazama kwa jicho lake. Alikuwa na kovu la zamani kwenye pezi, limekwisha pona. Nilimtazama mpaka akapotelea kwenye buluu.

Hewa ikifika kiwango mlichokubaliana, mnang'oa ndoana pamoja na kuuacha mkondo uwaingize ndani ya atoli, mkipanda polepole. Mita 5 mnasimama dakika 3. Mnapandisha boya la rangi ya machungwa, dhoni inaliona, basi.

Kilindoni_Yetu

Kaka, mimi ni wa Mafia. Papa potwe, yule mkubwa mwenye madoadoa, tunao hapa Kilindoni kila mwaka, Oktoba mpaka Machi, unatoka na boti asubuhi unarudi mchana. Huko Maldivi kuna kipi cha zaidi?

Mwana_Tongoni

Ndugu yangu wa Mafia, kwa papa potwe hakuna cha zaidi, na nasema hivi nikiwa nimeona kote. Kusini mwa Atoli ya Ari wanaonekana mwaka mzima, na eneo lile lilitangazwa hifadhi mwaka 2009. Wengi ni madume ambayo hayajakomaa, kama walivyo wengi wa kwenu. Madoadoa ya kila mmoja ni tofauti na ya mwenzake, ndivyo watafiti wanavyowatambua, pale na Mafia vilevile. Tofauti niliyoiona ni wingi wa boti. Potwe mmoja akionekana Ari, kila chombo kilicho karibu kinakimbilia hapo, na watu wanaangukia maji mbele ya kichwa chake. Kiongozi wetu alikataa kutushusha kwenye msongamano ule. Tulisogea, tukasubiri, tukapata wetu baadaye kwa utulivu. Nyinyi Mafia shikilieni utaratibu wa boti chache na umbali, msije mkaiga lile.

Jingine ambalo sikulipenda ni mzamio wa usiku wa Alimatha, huko huko Vaavu. Papa wale wanaolala chini mchangani, wasio na madhara, wamejaa pale mpaka wanapita katikati ya miguu yako. Wengi wanausifu. Mimi naona walikusanyika kwa sababu ya mabaki ya samaki waliyozoeshwa kutupiwa, na mnyama aliyezoeshwa hivyo si yule niliyemfuata baharini. Usiku wa Maaya Thila ndio niliouelewa: mlima mdogo chini ya maji, unauzunguka wote kwa mtungi mmoja, mikunga wanatoka mapangoni kuwinda, papa wenye ncha nyeupe za mapezi wanapekua nyufa, na kolekole wanafuata mwanga wa tochi yako kukamata kinachoshtuka. Pale pamehifadhiwa tangu mwaka 1995.

bi_Shangani

Asalaam alaikum. Kaka, mwanamke wa Kiislamu anayejistiri anaweza safari kama hii? Na chakula je? Na je, matumbawe yenyewe yako vipi, maana nasikia mengi yamekufa.

Mwana_Tongoni

Waalaikum salaam dada. Unaweza kabisa. Suti ya kuzamia inafunika mwili wote na ipo yenye kofia ya kufunika kichwa na shingo. Nchi ni ya Kiislamu, chakula ni halali, mabaharia wetu walikuwa wakiswali juu ya sitaha na nahodha ndiye aliyekuwa akituonyesha kibla meli ikigeuka. Jambo la kuuliza mapema ni chumba: waambie tangu mwanzo unataka kulala na mwanamke mwenzako. Pia wapo viongozi wa kuzamia wanawake, omba.

Kuhusu matumbawe, sitakuficha. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na sehemu kubwa sana ya matumbawe ya maji mafupi ikafa. Yakaanza kurudi, halafu joto likarudi mwaka 2016, na tena 2024. Tumbawe hai lina vijimea ndani yake vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe linavifukuza, linabaki jeupe, na joto lisipopungua linakufa njaa. Juu ya miamba mingi, mita 3 mpaka 8, nilikuta vipande vilivyovunjika vimetapakaa. Katikati yake kuna vichipukizi vipya vya ukubwa wa kiganja, na ukishuka chini ya kingo za mapango, kule mwanga na joto visikofika sana, kuna matumbawe laini ya njano na zambarau yamening'inia dari nzima. Samaki bado ni wengi mno. Lakini mtu akikuuzia safari kwa picha za bustani isiyo na kovu, picha hizo ni za zamani.

Mwana_Tongoni

Sasa niseme lililonifanya nianzishe uzi huu.

Nimekulia Tanga. Watoto wa rika langu tuliujua mlio wa baruti za kuvulia samaki baharini kama tulivyoujua mlio wa adhana. Chini ya maji sauti husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo aliyekuwa anazamia wakati ule alisikia mlipuko wa mbali kana kwamba uko begani pake. Baruti haichagui. Inaua changu na dagaa, inaua mayai, inasaga tumbawe lililokua kwa miongo, na kwenye vifusi vinavyocheza na mawimbi tumbawe jipya halipati pa kushika. Tunashukuru imepungua sana tangu serikali ilipokaza mkono kuanzia kama mwaka 2016. Vifusi bado vipo.

Maldivi nao walikuwa wanavua papa, kwa mafuta ya kupaka vyombo na baadaye kwa mapezi ya kuuza Asia. Wakaona hesabu: papa mmoja aliye hai kwenye mlango wa bahari analeta wageni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2010 wakapiga marufuku uvuvi wa papa nchi nzima. Wavuvi walioishi kwa kazi hiyo waliumia, tusilifiche hilo. Lakini uvuvi mkuu wa nchi ulikuwa na bado ni jodari kwa fimbo na ndoana, samaki mmoja mmoja, wavuvi wamesimama nyuma ya dhoni huku wakimwaga dagaa hai na kunyunyizia maji juu ya bahari. Samaki anakamatwa bila wavu kugusa mwamba. Jioni moja tuliipita dhoni ikiwa kazini, fimbo zinainuka na kushuka, jodari wanaruka hewani na kuangukia sitahani. Wale ni watu wanaoitegemea bahari kwa chakula kuliko sisi, na bado papa wa miambani wamewaacha waishi.

Papa wale wa Miyaru niliwatazama na nilichokiwaza ni milango yetu: Pemba, Mafia, Mtwara. Maji ni ya bahari ile ile. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na miaka kama 12 baadaye alikuwa kadhi Maldivi. Ngoma yao kubwa, bodu beru, wenyewe wanasimulia kwamba asili yake ni Afrika, na ukiisikia jinsi inavyoanza taratibu ikapanda hutabishana nao. Msikiti wa Ijumaa wa Malé, wa mwaka 1658, ni wa mawe ya matumbawe, kama wa Kilwa. Hawa si watu wa mbali. Kilichowezekana kwao kinaweza kuwezekana hapa, na hifadhi ya Mafia tunayo tangu 1995, ya Chumbe tangu 1994. Tunachohitaji ni kuzilinda kwa bidii na wavuvi wa karibu wapate chao.

DokaMsafiri

Mkuu umenigusa. Haya tuje kwenye fedha na usalama. Niandae nini?

Mwana_Tongoni

Fedha: meli za kawaida ni kuanzia dola 1,200 mpaka 2,500 kwa wiki, chakula na mizamio ndani. Nje ya hapo kuna kodi ya kijani, ya mazingira, dola 12 kwa mtu kwa siku tangu Januari 2025, kukodi vifaa, na bakshishi ya mabaharia. Viza ya siku 30 unagongewa bure uwanjani, ila fomu ya uhamiaji ya mtandaoni iitwayo IMUGA uijaze ndani ya saa 96 kabla ya safari. Kadi ya homa ya manjano ibebe, sisi wa Afrika Mashariki huulizwa. Pombe usiingize nchini humo.

Cheti: cha kwanza kinakufikisha mita 18, kinachofuata mita 30, na 30 ndio mwisho kisheria kwa wazamiaji wa burudani Maldivi. Kwa milango yenye mkondo chukua cha pili kabisa na uwe na mizamio ya kutosha. Meli nyingi zitakuuliza.

Mwili: ukishuka, naitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka kwenye damu na nyama. Ukipanda haraka inatoka kwa mapovu, na hapo ndipo watu hupooza au kufa. Panda polepole, fuata kompyuta ya kuzamia, ya kupima kina na muda, iliyo mkononi mwako wewe, si ya mwenzako. Kunywa maji mengi. Usishike pumzi hata sekunde moja ukiwa unapanda. Siku ya mwisho hakuna kuzamia, maana hutakiwi kupanda ndege mpaka zipite saa 18 mpaka 24 baada ya mzamio wa mwisho. Mwenye pumu amwone daktari kwanza; mwenye mafua mazito au mjamzito aache. Na bima ya kuzamia, si ya safari tu.

Meli yenyewe: hapa msione haya kuuliza. Mwaka 2019 meli ya wazamiaji ya Conception iliungua usiku California, wakafa watu 34 waliokuwa wamelala chini, na hakukuwa na mlinzi wa zamu aliyekuwa macho. Novemba 2024 nyingine, Sea Story, ilizama Bahari ya Shamu upande wa Misri na watu wakafa. Kwa hiyo ukipanda tu: uliza nani anakesha usiku. Tafuta njia mbili za kutoka chumbani mwako, uzipite mwenyewe mara moja taa zikiwa zimezimwa. Betri za kamera na tochi zisichajiwe mahali watu wamelala. Jaketi la kuokolea lijue liliko kabla meli haijang'oa nanga. Meli inayokasirika ukiuliza hayo, shuka.

Nyota_ya_Kusi

Na asiyejua kuogelea?

Mwana_Tongoni

Aanze na kuogelea. Kwa cheti cha kwanza kwenye shule nyingi utatakiwa kuogelea mita 200 bila kupangiwa muda, na kuelea dakika 10. Kuogelea mtu mzima anajifunza. Halafu kozi ifanye Nungwi, Mafia, Watamu au Diani, usisubiri kufika Maldivi ambako utalipa zaidi na kupoteza siku zako za miamba.

Kilindoni_Yetu

Waje Mafia ndani ya Ghuba ya Chole, maji yametulia na mwalimu anakufundisha kwa Kiswahili. Mwenye nia aandike hapa chini mwezi anaotaka, tuone kama tunaweza kupata kundi la kuanza Oktoba potwe wakiingia.

bi_Shangani

Mimi niandikeni Novemba. Na mdogo wangu wa kike.